Kuitetea Pikipiki ya Kuunga

Upo usemi uliozagaa Nachingwea na Ruangwa, na bila shaka kwingineko pia, kwamba pikipiki ya kuunga ni jeneza la magurudumu mawili. Husemwa na wauzaji wa pikipiki mpya, hukaririwa na wazee wanaoombwa mtaji na watoto wao, na hata abiria kijiweni huutumia kumkwepa dereva mmoja na kumfuata mwingine. Maana yake ni kwamba chombo kilichokusanywa kipande kwa kipande, fremu ya huku, injini ya kule, tangi lililopigwa rangi chini ya mwembe, hakiwezi kuaminika; mwenye akili zake hununua kipya. Nimeusikia usemi huu kwa miaka mingi na nauona kuwa ni uongo. Tena ni uongo unaowagharimu vijana wetu fedha, na baadhi yao viungo vya mwili.

Tuanze na hicho kipya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika wilaya zetu vipya huonekana kwa wingi mwisho wa mwaka, korosho zinapouzwa katika minada ya chama kikuu cha RUNALI, chama kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mwenye mikorosho hulipwa akanunua pikipiki yake taslimu. Asiye na mikorosho huchukua ya mkataba. Hupeleka hesabu kila siku kwa tajiri, mvua ikinyesha na jua likiwaka, kwa mwaka mzima au zaidi, ndipo akabidhiwe kadi. Ukizijumlisha hesabu hizo utaona zimeipita mbali bei ya dukani. Na siku anapokabidhiwa, kile kipya kimekwishakuwa chakavu: cheni imelika, shokapu zinavuja, pistoni inagonga. Kwa hiyo kijana amelipa bei ya kipya na nyongeza juu yake, akapewa mkweche. Baada ya hapo huenda wapi? Huenda kwa fundi, akabadilishiwa silinda leo, rimu kesho, tangi mwezi ujao.

Tazama basi, msomaji, hoja ya wapinzani wangu inavyojifunga yenyewe. Katika barabara zetu za vumbi na makorongo, hakuna pikipiki inayomaliza miaka mitatu bila kuwa ya kuunga. Tofauti ni moja tu: ipo iliyoungwa kwa mpango na mtu aliyekaa akafikiri, na ipo iliyoungwa kwa dharura, kila inapokwama. Wanaoisema vibaya ile ya kwanza wamepanda ile ya pili bila kujua.

Najua watanikumbusha historia, kwa sababu Nachingwea ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya Vita Kuu ya Pili, mengine yakiletwa kutoka Ufilipino. Vifaru vya Sherman navyo viligeuzwa kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili yake iling'olewa katika miaka ya 1960. “Unaona?” watasema. “Hayo ndiyo matokeo ya mashine za kuunga.”

Mimi nasoma habari hiyo kwa namna nyingine. Mashine zile hazikushindwa kwa sababu zilikuwa kuukuu. Zilishindwa kwa sababu waliozinunua walikaa mbali, hawakuijua ardhi zitakakofanyia kazi, hawakuandaa spea za kutosha wala mafundi wa kutosha. Walitazama wingi na ukubwa, hawakutazama kufaa. Hayo ndiyo makosa yale yale ya mtu anayechagua pikipiki kwa mng'aro wake dirishani, akaja kuulizia spea zake baada ya kuharibika. Fundi wa leo anayeunga pikipiki moja uani kwake hufanya kinyume kabisa. Anaijua barabara ya kwenda Ruangwa, anamjua atakayeipanda na mzigo atakaoubeba, na hafungi kitu kabla ya kujua kinachofuata kitapatikana wapi.

Wala kazi hiyo si ya kubahatisha. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki ya CG125, iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na hufanyiwa matengenezo mara chache. Waliondoa cheni ya ndani ya injini, wakaweka fito zinazosukuma valvu, kwa kuwa hazihitaji kukazwa kila mara. Viwanda vya China viliuiga mtindo huo, na kwa hiyo sehemu kubwa ya pikipiki za Kichina zilizojaa kwetu zina injini za ukoo mmoja. Fundi anayeuelewa ukoo huo anajua kabureta ipi inakubali wapi, na kichwa kipi kinakaa juu ya bloku ipi. Anajua pia kwamba Boxer na TVS za Kihindi ni ukoo mwingine, na halazimishi ndoa isiyowezekana. Huo ni ujuzi, na ungefundishwa darasani kwa heshima kama ungekuwa na mwenye kuuandika.

Yangu iliungwa Nachingwea. Fremu ilitoka kwa mtu aliyeiacha ukumbini baada ya injini kufa; injini ilinunuliwa Masasi; tangi na madigadi vilipatikana Ruangwa; vidogo vidogo vilikuja kwa basi kutoka Kariakoo, vimefungwa ndani ya boksi la sabuni. Kila kitu kilikuwa na karatasi yake ya mauziano. Ilichukua miezi mitatu, na katika miezi hiyo ndipo nilipomwona adui wa kweli.

Adui huyo ni spea ya bandia, na hukaa dukani, ndani ya boksi zuri lenye jina kubwa. Duka moja liliniuzia breki shuu zikiwa zimefungwa kwa nailoni safi na alama za kiwanda. Fundi hakusema neno. Alitia ncha ya bisibisi ukingoni, akabinya kidogo, na utando wa breki ukabanduka mzima kama ganda la muhogo mbichi. Kisha akasema, “Mzee, hizi ukizifunga utazikwa nazo.” Nikazirudisha. Mwenye duka alinijibu kwamba bidhaa ikishatoka hairudi.

Sasa nauliza: hizo breki zilikuwa za pikipiki ya kuunga pekee? La. Zilikuwa zinamngoja yeyote, pamoja na yule mwenye pikipiki mpya aliyefikia siku ya kubadili breki. Tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, tunayo Tume ya Ushindani yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, na tunalo Shirika la Viwango. Vyombo hivyo hukamata mali na kuiteketeza, nasi tunavishukuru. Lakini mnunuzi wa Ruangwa huwa hana mlinzi mwingine karibu zaidi ya macho na vidole vya fundi wake. Kumdharau fundi huyo, ukamsifu mwenye boksi zuri, ni kumfukuza mbwa na kumkaribisha mwizi.

Hapa sina budi kugeukia upande wetu, maana hoja yangu itakuwa nusu nikiwatetea mafundi wote. Wapo mafundi rangi wanaoupa nguvu usemi ule ninaoupinga. Hao huletewa fremu iliyopasuka shingoni, wakaibandika puti, wakaipulizia rangi nyekundu na nyeupe kwa mshabiki wa Simba, au kijani na njano kwa wa Yanga, ikatoka inameremeta. Huo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Puti kazi yake ni kusawazisha bonde dogo baada ya chuma kunyooshwa. Haizibi tundu, haiungi ufa, na ikipakwa juu ya kutu hubanduka pamoja na kutu hiyo mvua za kwanza. Fundi anayefunika ufa kwa rangi hana tofauti na yule mwenye duka la breki.

Rangi ya haki ina mwendo wake, na kila mwenye chombo anapaswa kuujua ili asidanganywe. Tangi hutolewa petroli yote na kuoshwa kabla ya moto wowote kulikaribia, kwa sababu mvuke unaobaki ndani ndio unaolipua. Kutu huondolewa kwa msasa mkali mpaka chuma kionekane cheupe. Ndipo fremu hukaguliwa ikiwa uchi, na mwenyewe akiwepo. Kisha praima, kisha msasa laini wa maji, kisha rangi yenyewe kwa mikono mitatu myembamba, kila mkono ukiachwa ukauke kidogo kabla ya mwingine. Mwenye haraka hupiga mkono mmoja mzito, rangi ikachuruzika kama machozi. Wakati wa mvua unyevunyevu huifanya rangi kufifia na kuwa na weupe wa ukungu; wakati wa kiangazi vumbi hujibandika. Kwa hiyo fundi mzuri humwaga maji uani, huanza asubuhi kabla ya upepo, na humwambia mteja, “Leo haiwezekani, njoo kesho.” Msomaji, ukimpata fundi wa kukuambia hivyo, usimwache.

Na tusisahau mapafu ya fundi mwenyewe. Rangi zinazochanganywa na dawa ya kukausha hutoa ukungu unaoweza kumtia mtu pumu ya maisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakiuzuii. Tunaobishana bei mpaka shilingi ya mwisho tujue kwamba aghalabu punguzo letu hutoka katika barakoa ambayo hakuinunua.

Limebaki pingamizi moja zito, nalo ni la wizi. Inasemekana kuunga pikipiki ni kuwapa wezi soko. Hatari hiyo ipo, siikatai. Lakini kadi ya usajili huandika namba ya chasisi, namba ya injini, na hata rangi. Anayeunga kwa uwazi hununua kwa karatasi, hukataa fremu iliyofutwa namba hata ikiwa bei yake ni ya bure, na akibadili injini au rangi hupeleka taarifa Mamlaka ya Mapato ili kadi irekebishwe. Mwizi hupenda giza na haraka, na kazi hii haina kimojawapo. Ukiwakataza waungaji waaminifu, utabaki na wasio waaminifu peke yao, maana hao hawakungoja ruhusa tangu mwanzo.

Ninachodai si kikubwa. Wazee waache kuwasukuma watoto wao katika mikataba ya kuwakamua, kwa hofu ya neno “kuunga”. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi, iwatafute mafundi hawa wa uani, iwapime, iwape vyeti kwa ujuzi walio nao. Wenye maduka wakubali kurudishiwa kilicho kibovu. Mafundi rangi wakatae kufunika ufa, hata mteja akiomba. Na abiria kijiweni, badala ya kuuliza kama pikipiki ni mpya, aulize breki zilibadilishwa lini na nani alizifunga. Dereva asiye na jibu la swali hilo ashuke hapo hapo akalitafute, hata kama pikipiki yake ilitoka dukani wiki iliyopita.