Kisobadilika Kinachobadilika: Tatizo la Istilahi katika Kemia ya Sekondari

Mjadala kuhusu kufundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule za sekondari umeegemea kwa muda mrefu swali moja: je, istilahi zipo? Tangu kuchapishwa kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, swali hilo lilipaswa kupungua uzito. Lililo zito zaidi ni kama istilahi hizo zinatenganisha dhana ambazo mwanafunzi hana budi kuzitenganisha. Udhaifu wa upande huu hujitokeza bayana katika orodha fupi ya tarakimu na milinganyo ambayo kila mwanafunzi wa kemia huikariri.

Nchini Tanzania, karatasi ya mtihani wa kemia wa kidato cha nne kwa kawaida humpa mtahiniwa sehemu ya orodha hiyo: namba ya Avogadro, 6.02 × 10²³. Ujazo wa moli moja ya gesi, lita 22.4, chaji ya moli moja ya elektroni, kulombu 96,500. Zote hupangwa pamoja kana kwamba ni za ukoo mmoja, ilhali sivyo. Namba ya Avogadro haitegemei mahali wala hali. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa kwa makubaliano ya kimataifa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, na moli ikaacha kufafanuliwa kwa gramu 12 za kaboni-12. Lita 22.4, kwa upande wake, ni kweli kwa nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa moja tu. Katika maabara ya Dar es Salaam, siku yenye nyuzi 30, moli hiyohiyo huchukua karibu lita 24.9. Mwanafunzi wa pwani basi amekariri ujazo ambao hajapata kuishi ndani ya hali yake hata siku moja.

Hapa ndipo neno linapodai haki yake. Miongoni mwa maneno yanayoshindana kwa dhana hii ni "konstanti" na "kisobadilika". La kwanza limekopwa, na kwa mwanafunzi mgeni wa dhana halisemi lolote. La pili linasema, tena kwa ukali: ni kitu kisichobadilika. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo hatari yake pia, kwani anayelitumia amekwisha kutoa ahadi. Kwa R ya mlinganyo wa gesi, pV = nRT, ahadi hiyo hutimizwa. Ni kweli kwamba R huandikwa 8.314 pale kipimo kinapokuwa juli, na 0.0821 pale kinapokuwa lita na angahewa. Lakini pishi moja ya mchele haipungui kwa kuitwa vibaba vinne.

Ahadi huvunjika katika sura ya msawazo. Mwanafunzi huambiwa kwamba K ni kisobadilika cha msawazo, na ukurasa unaofuata humwonyesha jedwali la K kwa halijoto mbalimbali, kila safu na tarakimu yake. Vivyo hivyo kwa k ya kasi ya mmenyuko, ambayo hupanda kadiri halijoto inavyopanda. Mwalimu huokoa jahazi kwa kuongeza maneno "kwa halijoto maalumu", nayo maneno hayo ndiyo ya kwanza kusahauliwa chumbani mwa mtihani.

Pendekezo linalostahili kufikiriwa ni kuihifadhi istilahi "kisobadilika" kwa viwango ambavyo kweli havibadiliki, kama vile namba ya Avogadro, R na chaji ya elektroni, na kuviita vile vingine kwa kazi vinayoifanya. K ni "uwiano wa msawazo", kwa kuwa ndicho ilicho: uwiano wa ukolevu wa mazao kwa ukolevu wa vitendanishi, kila kimoja kikiwa kimepandishwa kwa kipeo chake. Kwa k, lipo tayari neno la hisabati, "kizigeu". "Kizigeu cha kasi" kingetosha. Yamkini wako watakaosema kwamba hatua hiyo itamtenga mwanafunzi na lugha ya wanakemia wa dunia. Hoja hiyo ina uzito, ila isikuzwe: hata katika istilahi za kimataifa, k huitwa kizigeu katika baadhi ya miktadha. Hakuna sababu ya Kiswahili kurithi mkanganyiko ambao wenyewe wameanza kuutilia shaka.

Lipo jambo la pili, dogo kwa sura. Mwanafunzi hufundishwa "kusawazisha" mlinganyo, yaani kuhakikisha kwamba atomi zilizoingia ndizo zilizotoka, kama katika 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Baadaye hukutana na "msawazo" wa mmenyuko, mambo mawili yakitoka katika mzizi mmoja. Si ajabu akidhani kwamba mlinganyo uliosawazishwa umefikia msawazo, au kwamba katika msawazo kila kitu kimesimama, wakati mmenyuko huenda na kurudi kwa kasi ileile. "Msawazo mwendo" lingekuwa jina la kweli zaidi kwa dhana hii, nako kusawazisha kubaki kazi ya kuhesabu atomi.

Gharama ya kutotofautisha huonekana vizuri katika maji. Kw, zao la ukolevu wa ioni za maji, ni 1.0 × 10⁻¹⁴ kwa nyuzi 25, na ndiyo maana pH ya maji safi ni 7. Kwa nyuzi 60, Kw hufika karibu 9.6 × 10⁻¹⁴, na pH ya maji yaleyale hushuka hadi takriban 6.5. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba Kw ni kisobadilika, na kwamba chini ya 7 ni asidi, atajibu kwamba maji safi yaliyopashwa moto yamegeuka asidi. Kwa maneno aliyopewa, amejibu sawasawa.