Nyangumi Anyonyeshaye



Sisi tunaoishi Bagamoyo na vijiji vya pwani mpaka Saadani tumezoea kungoja mashua asubuhi, kila mmoja na ndoo yake. Kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, wavuvi huweza kurudi na habari pamoja na samaki: wamemwona nyangumi kati yetu na Unguja. Watoto nao huuliza, "Mkubwa hivyo, hula nini huku kwetu?" Jibu lake lina somo kwetu sisi wazazi.

Kwanza, nyangumi si samaki. Hupumua hewa kwa mapafu, huzaa na kunyonyesha kama sisi. Huyu apitaye kwetu ni yule mwenye kibyongo mgongoni. Mimba yake huchukua miezi 11 hadi 12, na mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 na zaidi. Mama huyu hutoka kwenye bahari ya barafu huko kusini mwa dunia, akasafiri maelfu ya kilomita ili azae katika maji yetu yenye joto.

Sasa sikieni ajabu: akiwa huku, karibu hali kitu. Chakula chake, ambacho ni vijidudu mfano wa uduvi, amekiacha kwenye baridi. Hata hivyo humnyonyesha mwanawe maziwa mazito yenye mafuta mengi, yatokanayo na akiba aliyojiwekea mwilini. Mtoto hunenepa, mama hukonda.

Wengine wetu tutasema, "Basi, ndiyo kazi ya mama, kujinyima." La, dada zetu! Nyangumi huweza kufunga kwa sababu alikula akashiba kabla ya safari. Sisi hatuna ghala kama hiyo. Ni wangapi kati yetu, wenye mimba au mtoto kifuani, humpakulia baba, kisha wageni, kisha watoto, halafu tukafuta mchuzi uliobaki sufuriani? Tunauita upendo. Lakini damu hupungua, kizunguzungu huanza, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Tuanze wiki hii. Mjamzito na anayenyonyesha wapakuliwe pamoja na wengine: dagaa, maharage, mchicha, na kipande chao cha samaki. Tuzungumze na waume zetu bila kuona haya. Wengi wao hawajui sufuria ilibaki na nini. Nasi tulio mama wakwe tusingoje mkamwana aombe.

Biblia yetu ya Muungano, katika Mwanzo 1:21, humtaja nyangumi kwa jina miongoni mwa viumbe wa siku ya tano. Mungu aliyemwekea mama yule akiba kabla ya njaa hapendi binti yake aanguke jikoni kwa kukosa chakula alichokipika mwenyewe.

Mungu awabariki, na mle vizuri.