Enda Ukimbie

"Enda ukimbie," akaniambia daktari, macho bado yako kwenye faili. "Kijana kama wewe, mazoezi kidogo tu utakuwa sawa." Nilikuwa kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi. Nilikuwa sijaoga siku nne. Kutoka kitandani hadi steji ya matatu ndiyo ilikuwa marathoni yangu ya wiki, lakini hilo hakuliuliza. Dakika tano, nje.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba alikuwa sahihi.

Mwaka 2024 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 218 yenye washiriki 14,170 waliougua sonona, hii ambayo mtaani tunaiita dipresheni. Kutembea, kukimbia polepole, yoga, kuinua vyuma: vyote vilileta nafuu, na jasho likizidi nafuu nayo ikazidi. Watafiti walikiri pia kwamba mengi ya majaribio hayo yana kasoro. (Huwezi kumpa mtu mazoezi bandia kama unavyompa kidonge cha unga mtupu.) Hata hivyo, hapa kuna dawa.

Basi iandikwe kama dawa! Kwani daktari akikupa vidonge hukwambia ati "meza kitu"? Anaandika kiasi, mara ngapi kwa siku, na tarehe ya kurudi. Sonona humwibia mtu kwanza ile nguvu ya kuanza jambo. Kumwambia ajianzishe mwenyewe ni kumtuma mwenye mguu uliovunjika aende hospitali kwa miguu, halafu asipofika tuseme ni mvivu.

Hao wa mtandaoni wanaosema tupa vidonge uingie gym, msiwasikize kabisa. Mtu haachi dawa zake kwa sababu ya video ya mwenye misuli.

Na tukimbilie wapi? Mtu anaishi Pipeline, ghorofa zimebanana hadi jua halioni barabara. Msichana akikimbia huko saa moja jioni atakimbia kweli, lakini kwa sababu nyingine. Karura ni kuzuri, ila kuna kiingilio na nauli. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park mwaka 1989, na alipopigwa Karura mwaka 1999, tulimwita mtetezi wa miti. Alikuwa pia akitulindia duka la dawa.

Mimi niliokolewa na binamu yangu. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na mbili unusu, anabisha mlango. Hakuwahi kusema jikaze. Alisema, "Vaa viatu." Wiki ya kwanza tulitembea tu, nikiwa nimenuna. Wiki ya tatu nikaanza kulala usiku. Sikupona kwa hilo pekee, vidonge nilimeza na mshauri nilimwona, lakini siku za kubishiwa mlango ndizo nilizokula chakula kikaisha.

Tulikuwa tukizunguka uwanja wa shule ya msingi jirani. Uwanja wa umma, nyasi zipo, hauna kitu Jumamosi nzima. Mwezi wa pili tukakuta kufuli. Mlinzi akatuambia ni amri ya ofisi, watu wa nje hawaruhusiwi.

Kabla ya kuniambia tena nikakimbie, daktari, mpigie simu mwenye ufunguo.