Dada, toka utembee: subira si kujifungia ndani



Tanga yetu inajulikana kwa msemo wa "waja leo waondoka leo". Huzuni haina tabia hiyo. Ikishaingia nyumbani hutandika mkeka. Talaka, kufiwa, mimba kuharibika, posa kuvunjika watu wameshaalikwa: mambo haya yanatupata, na mara nyingi mwanamke hupewa maneno mawili tu, "tulia" na "subiri". Sina ugomvi na subira. Ninachokataa ni kuifanya subira iwe kulala kitandani toka asubuhi hadi jioni, pazia limeshushwa na chai imepoa mezani. Kwa maoni yangu mazoezi ya mara kwa mara ni sehemu ya dawa ya moyo, na mwanamke wa Kiislamu anayetoka kutembea hastahili kusengenywa barazani.

Tuanze na dini yetu, maana ndiko tunakokimbilia tukiumia. Someni Surat Maryam. Bibi Maryam alishikwa na uchungu wa uzazi akiwa peke yake, akatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Akaambiwa asihuzunike, kisha akaambiwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende. Mola angeweza kuziangusha bila yeye kunyanyua mkono, lakini katika saa ile ngumu alimpa na kazi ya mwili. Bibi Hajar naye, akiwa na mtoto mchanga mahali pasipo maji, alikwenda mbio baina ya Safa na Marwa mara saba. Leo kila anayekwenda Hija anapita katika nyayo za mwanamke yule.

Mtume wetu SAW katika dua yake aliomba kinga na wasiwasi na huzuni, na hapo hapo akaomba kinga na kushindwa na uvivu. Mambo hayo yamewekwa pamoja katika dua moja. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, alishindana mbio na Bibi Aisha. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, baadaye Mtume akamshinda, wakataniana. Basi anayesema mwanamke kukimbia ni utovu wa haya, amwangalie Bibi Aisha kwanza.

Tuje kwenye mwili. Ukitembea kwa haraka moyo unasukuma damu, pumzi inapanuka, na ubongo unatoa kemikali zinazopunguza maumivu na kuleta utulivu. Usingizi unakuwa mzuri zaidi, na anayelala vizuri huibeba siku yake kwa nafuu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Ukigawa, 150 ni nusu saa kwa siku 5. Huo ni muda ambao wengi wetu tunaumaliza kwenye simu tukitazama maisha ya wenzetu.

Mimi ni fundi cherehani, nawajua wanawake kwa utepe wa kupimia. Anayekuja na huzuni namtambua kabla hajasema: mabega yameanguka, shingo imeinama, na kipimo cha mgongo hakitoki sawa mpaka nimwombe asimame vizuri. Mteja wangu mmoja aliachwa akiwa na watoto wawili. Eda yake ilipokwisha akaanza kutembea na jirani yake baada ya sala ya Alfajiri, kutoka Ngamiani mpaka upande wa Raskazone, na kurudi kabla jua halijakuwa kali. Miezi kadhaa baadaye aliporudi kupimwa gauni la Idi, kiuno chake kilikuwa kile kile, ila mabega yalikuwa yamenyooka. Aliniambia bado analia, lakini halii siku nzima.

Hapo nawageukia mabibi harusi. Wengi mnaanza mazoezi kwa ajili ya gauni. Mnaniambia "dada, shona dogo, nitapungua". Mnajinyima chakula, na siku ya harusi mnakaribia kuzirai kwenye kiti. Gauni linavaliwa siku moja, na utepe wangu ndio ulio na pini na mkasi, gauni lifuate mwili wako. Ndoa inahitaji moyo uliotulia na mwili wenye nguvu. Fanya mazoezi kwa ajili ya hayo, na yaendelee hata singo ikishakauka.

Mavazi yasiwe kisingizio. Kanzu ya kufika chini ya magoti, suruali pana, kitambaa cha pamba kisichoshika mwili, ushungi uliobanwa vizuri na raba miguuni. Tanga ni mji wa baiskeli, na bibi zetu wa pwani walikwenda ufukoni kutanda dagaa wakirudi wamelowa. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hawakusema ni kwa wanaume tu.

Asiyeweza kutoka ana uwanja wake. Bibi harusi aliyewekwa ndani anaweza kuruka kamba uani na kunyoosha viungo chumbani. Aliye edani afuate masharti ya eda yake na amuulize sheikh anayemwamini, lakini kunyoosha mgongo ndani ya nyumba yake hakumtoi nje. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, na mwenye presha au moyo amuone daktari kwanza. Kwa wanaotoka, nendeni wawili au watatu, kuna usalama na kuna mazungumzo.

Na tusidanganyane. Kutembea hakuondoi kipigo. Anayepigwa nyumbani anahitaji kulindwa, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Anayefikiria kujidhuru, au ambaye wiki zimepita hali wala halali, apelekwe hospitali, kama Bombo kwa sisi wa Tanga. Kutafuta tabibu si upungufu wa imani.

Kwa waliobaki barazani nina ombi moja. Mkimwona mwenzenu aliyeachika anapita asubuhi na raba zake, msiulize anamtafuta nani. Mwitikieni salamu. Na mwenye nafasi avae ushungi wake amfuate, asiende peke yake.

Allah atuponye nyoyo zetu na atupe afya ya kumuabudu. Amin.