Mchezaji wa tisa naye alipwe

Na Everlyne Shikuku

Sisi watu wa Shieywe, mjini Kakamega, tumelelewa na soka. Uwanja wa Bukhungu uko mlangoni petu, Kakamega Homeboyz ni timu yetu, na Green Commandos wa Kakamega School tumewashangilia tangu utotoni. Ndiyo maana tukienda kutazama mpira wa kikapu tunakwenda na macho ya soka. Mchezaji akitolewa tunaguna kwamba kocha amemchoka, na anayeingia tunamwona wa kuzibia nafasi tu.

Katika soka anayetoka harudi. Kwenye kikapu kocha hubadilisha wachezaji apendavyo, na aliyetoka dakika ya tatu hurudi ya sita akiwa amepata pumzi. Kikosi ni cha watu 12, na kwa kanuni za FIBA mechi ni robo 4 za dakika 10. Watano uwanjani kwa dakika 40: hizo ni dakika 200 za kugawana. Hata nyota wako watano wakicheza dakika 32 kila mmoja, ambazo ni nyingi, zinabaki 40 za watu wa benchi. Ni kazi ya mchezaji mmoja mechi nzima. Anayesajili watano wazuri kisha akajaza nafasi saba kwa yeyote aliyepatikana anaingia uwanjani na pengo hilo.

Tazama robo ya pili, yule mrefu anayetegemewa anapopigiwa faulo ya tatu. Ya tano itamtoa kabisa, kwa hiyo kocha lazima amuweke kando. Mezani anafika kijana ambaye hajatoka jasho tangu mechi ianze. Anavua fulana ya juu, anakunja magoti mara mbili tatu, king'ora kinalia. Hana muda wa kuzoea. Anatakiwa ajue papo hapo anamkaba nani, na mwamuzi wa leo ni mkali kiasi gani. Si lazima afunge hata pointi moja. Akidaka ribaundi tatu, akazuia watu wasipenye chini ya kikapu, na timu ikafika mapumziko bila kuachwa zaidi, amefanya kazi ya mshahara. Karatasi ya alama haionyeshi nusu ya hayo, na hapo ndipo wenye klabu wanapokosea: wanalipa pointi.

Mei 2025, Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kufika Ligi ya Kikapu ya Afrika (BAL), ilikuwa na mechi 6 ndani ya siku 9 mjini Kigali. Hakuna watano, hata wawe wazuri vipi, wa kubeba ratiba ya namna hiyo peke yao.

Lakini benchi haliivi kwa kukaliwa. Msimu wa 2014-15 Andre Iguodala wa Golden State Warriors ya NBA hakuanza hata mechi moja ya ligi, ila kila usiku alipewa dakika za maana. Fainali zilipokuwa ngumu, kocha Steve Kerr akamwanzisha mechi ya nne, na ndiye aliyetoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Angekuwa anaingizwa tu mechi ikiwa imeshaamuliwa, sidhani kama angekuwa tayari.

Kakamega haina uhaba wa vipaji. Butere Girls wamejijengea jina katika kikapu cha shule, na Chuo Kikuu cha MMUST kiko hapa hapa mjini. Siku kaunti au mfadhili atakapoamua kuunda timu ya kulipwa hapa, namsihi asimalize bajeti kwa watano wa kwanza. Wa sita hadi wa 12 wawe na mkataba, nauli na matibabu wanapoumia, na kocha awape dakika tangu mechi za mwanzo wa msimu. Wasipolipwa watakwenda kutafuta kibarua kwingine, na mazoezi ya jioni yatabaki na watu sita. Kwa watu sita hakuna kocha awezaye kufanya mazoezi ya watano kwa watano.