Mbaraka Mwinshehe naye alibeba boksi



Jumamosi iliyopita nilitoka zamu ya usiku, nikalala saa tatu tu, halafu nikaenda Blacktown kwenye sherehe ya Watanzania wa hapa Sydney. Ulipofika muda wa zilipendwa, mshereheshaji akatoa hotuba tunayoisikia kila mwaka: hayati Mbaraka Mwinshehe, mzalendo, alipiga gitaa kwa ajili ya taifa lake na si kwa ajili ya pesa, "siyo kama ninyi wabeba boksi mliokimbia nchi." Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka.

Huyo Mbaraka wa kwenye hotuba ametungwa. Wa kweli alizaliwa mwaka 1944, akakulia Morogoro, na katikati ya miaka ya sitini akaingia Morogoro Jazz. (Vijana, hiyo "Jazz" msiitafutie Louis Armstrong. Western Jazz, Kilwa Jazz, Vijana Jazz, wote walikuwa bendi za dansi.) Mwaka 1970 bendi hiyo ikapelekwa Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Wasifu wa jukwaani hupenda kuishia hapo. Kijana wa Morogoro, gitaa, bendera ya taifa, makofi.

Kinachofuata wanakiruka. Mwaka 1973, akiwa na jina kubwa kuliko mpiga gitaa yeyote nchini, aliiacha Morogoro Jazz akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Mtu asiyejali maslahi hafanyi hivyo. Halafu kuna suala la santuri. Redio Tanzania ilirekodi bendi zetu na kuzirusha hewani, nasi tukafaidi, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Biashara ya santuri ilikuwa Nairobi. Mwanamuziki aliyetaka kazi yake iuzwe dukani alifunga safari kwenda kwa jirani. Hata "Shida" tunayoililia kwenye kumbi hizi ilisambazwa na kampuni ya Kenya.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa hadi 1983. Katikati ya hapo, Januari 1979, vita vya Kagera vikiendelea, Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari. Wapi? Mombasa. Alikuwa na miaka 34.

Naomba mtulie kwenye jambo hilo. Nchi ipo vitani, mpaka umefungwa, na gwiji wetu wa uzalendo yuko Kenya. Simlaumu hata kidogo. Kazi yake ilikuwa na soko kule, akaifuata.

Badala ya kulisema hilo, tumeng'ang'ania kifo chake. Nimesikia simulizi za wivu, za kukosa damu, za uchawi, na kila msimulizi eti alikuwepo. Mimi majeruhi wa barabarani ndiyo kazi yangu ya kila siku. Gari likigonga, mtu hufa bila msaada wa mchawi. Lakini muulize huyo msimulizi Super Volcano ilianza mwaka gani, uone atakavyokohoa.

Najua mtasema Mombasa siyo Sydney. Sawa. Ila mwaka 1979 Namanga ilikuwa imefungwa, na mimi leo napanda ndege kupitia Doha nafika Dar siku inayofuata.

Niliondoka kwenye wodi moja nyumbani, siitaji, ambako usiku tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa zaidi ya arobaini. Nilikuwa na shahada yangu na kodi ya nyumba ilinishinda. Nina miaka 36 sasa, nimempita Mbaraka miwili. Kila mwezi natuma ada za wadogo zangu na dawa za presha za mama. Halafu mtu ambaye bia yake imelipwa na mchango wangu anachukua kipaza sauti na kunipiga kwa jina la marehemu ambaye, angekuwa hai, angekaa meza moja na mimi!

Nimeiandikia kamati. Sherehe ijayo, kabla ya wimbo wa kwanza wa Mbaraka, mshereheshaji ataje 1973 na ataje Mombasa. Akikataa, nitapanda mwenyewe jukwaani, zamu ikiniruhusu.

Nawasilisha.