Risasi Katika Damu, Maradhi Tumboni

Mtoto akipauka midomo na viganja, akakataa chakula, akalia kwa msokoto wa tumbo wala asipate choo, watu wazima nyumbani hukata shauri kuwa ni safura, wakamnywesha dawa ya minyoo. Na aghalabu huwa wamesibu, kwani maradhi hayo yametuandama tangu zama za kale. Lakini jirani na mahali panapoyeyushwa betri kuukuu za magari, mfano wa kiwanda cha Owino Uhuru huko Mombasa, kilichofungwa mwaka 2014, ni wajibu wetu kuuliza pia: je, mtoto huyu hakuingiwa na risasi?

Madini haya, yakiingia mwilini kwa vumbi au kwa maji, huzuia chuma kisiungane na damu ikapata wekundu wake, na chembe zilizokwisha kuumbwa huzidhoofisha zikafa kabla ya ajali yake. Damu ikipungua, oksijeni huwa haba katika tumbo, ini na utumbo, viungo visivyojua mapumziko, na usagaji wa chakula hulegea. Na juu ya hayo risasi yenyewe huzishambulia neva na misuli ya matumbo, ndipo huja ule msokoto. Tabibu Mwingereza Henry Burton alieleza mwaka 1840 mstari wa samawati uonekanao ufizini mwa baadhi ya wagonjwa hao.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba risasi hupita utumboni kwa mlango ule ule wa chuma, na mwili uliopungukiwa na chuma huufungua wazi. Mtu mzima hufyonza yapata sehemu moja katika kumi ya risasi aliyoimeza, ilhali mtoto aweza kufyonza hata nusu. Basi mtoto wa fukara, asiyeonja dagaa wala maharage, ndiye aipokeaye sumu kwa wingi, na kadiri damu yake ipunguavyo ndivyo azidivyo kuipokea.

Mwaka 2020 mahakama iliwahukumia wakazi wa Owino Uhuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ni haki yao, ila fidia haiing'oi risasi iliyokwisha kukaa mifupani, nayo hukaa humo miaka na miaka. Kwa hiyo nawasihi wazazi na waganga wasiridhike na vidonge vya kuongeza damu: damu ipimwe risasi, mtoto aondolewe penye vumbi, na baba afanyaye kazi ya kuyeyusha betri avue nguo zake na kuoga kabla hajampakata mwanawe.